Maneno marefu ya Kiingereza: mnayakataje silabi, na mkazo mnaujuaje?

Nahodha_Msaidizi (Kilwa Masoko)

Wakuu habari za jioni. Wajuvi wa Kiingereza naomba msaada wenu, na tafadhali msinitume nikajiunge na kozi, maana kazini natoka jua limeshazama.

Mimi natembeza wageni Kilwa Kisiwani. Tunavuka na boti kutoka hapa Masoko, nawaonyesha magofu: ngome ya Gereza, Msikiti Mkuu, jumba la Makutani, halafu wenye miguu tunakwenda nao mpaka kasri la Husuni Kubwa. Historia naijua, ya vitabuni na ya wazee wa kisiwani. Kiingereza cha kawaida nakimudu: bei, njia, chakula, maji yanajaa saa ngapi. Kinachonitesa ni yale maneno marefu ambayo kazi hii haiendi bila hayo. Archaeology. Architecture. Civilization. Cemetery. Octagonal, kwa sababu pale Husuni Kubwa kuna lile bwawa la pembe nane na kila mgeni anataka kulipiga picha. Maana zake nazijua, hata kuyaandika nayaandika bila kutazama popote. Sasa niyatamke: mgeni anakunja uso, anaomba nirudie. Narudia kwa sauti kubwa zaidi, anazidi kukunja uso. Mwenzake wa pembeni anamtajia neno lilelile, mimi nasikia kitu kifupi kisichofanana na nilichosema, na yeye anaitikia palepale, "aah!"

Nimechunguza nikaona tatizo si herufi. Ni pale wanapokaza na pale wanapolegeza. Kiswahili hakitusumbui, unakaza silabi ya pili kutoka mwisho na maisha yanaendelea: ki-si-WA-ni, ma-ku-TA-ni, m-si-KI-ti. Ukiuchukua mtindo huo ukaupeleka kwenye cemetery unapata se-me-TE-ri, na hapo mgeni ndipo anapopotea.

Maswali yangu: neno refu unalikata wapi? Na kuna kanuni ya kujua silabi ipi inakazwa, au ni kukariri neno mojamoja mpaka kiama? Nina kitabu cha sarufi nilichonunua, kila kanuni ina mkia wa "isipokuwa" mrefu kuliko kanuni yenyewe. Anayejua aanze na hili linalonitoa jasho kuliko yote: archaeological.

Natanguliza shukrani.

Kusi_na_Kaskazi (Mtwara mjini)

Mkuu usijipe presha. Wenye lugha yao wenyewe hawaelewani. Chukua laboratory: Mwingereza anakaza la-BO, Mmarekani anakaza mwanzo kabisa, LA. Advertisement nayo hivyohivyo, mmoja VER mwingine TISE. Wewe ongea tu, watakuelewa. Lafudhi si dhambi.

Bibi_Chaki (Mikindani)

Kusi, lafudhi si dhambi na sijaona aliyesema ni dhambi. Kijana hajauliza lafudhi. Mskoti, Mmarekani na Mwaustralia wana lafudhi zisizopikika chungu kimoja, lakini wape neno photography, wote watatu watakaza TO. Hayo maneno mawili uliyoyataja yapo, na yana wenzao kadhaa, ila ni machache ukilinganisha na yale wanayokubaliana. Mtu akikosea sauti ya th ataeleweka. Akihamisha mkazo, msikilizaji anakwenda kutafuta neno jingine kabisa kichwani mwake. Ndiyo maana kupaza sauti hakukumsaidia huyu kijana: anachopaza ni silabi isiyotakiwa.

Nahodha, nimefundisha Kiingereza sekondari mpaka nimestaafu, sehemu kubwa ya utumishi wangu huko juu Newala. Swali lako ni lile ambalo vitabu vya shule vinalipitia mbiombio. Mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakabidhiwa photosynthesis, na hakuna anayemwambia kwamba inakazwa SYN. Anaikariri kwa macho, anafaulu mtihani wa kuandika, na anamaliza kidato cha nne hajawahi kuitamka mbele ya mtu.

Tuanze na kukata. Acha jicho, tumia kidevu. Sifanyi mzaha. Weka kiganja chini ya kidevu, sema neno polepole. Kila kidevu kinaposhuka, hiyo ni silabi. Jicho linatudanganya sisi Waswahili kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa: irabu ukiiona, ipo. Kiingereza kinaandika irabu ambazo hakuna anayezisema. Make ina herufi mbili za irabu na silabi moja. Mosque, neno la kazi yako hilo, ina o, u na e, lakini kidevu kinashuka mara moja tu. Walked ni silabi moja, siyo wo-ke-di. Ile -ed ya mwisho inakuwa silabi pale tu inapotanguliwa na sauti ya t au d: want-ed, need-ed, na kwako ex-ca-va-ted. Kwa hiyo hesabu sauti za irabu, usihesabu herufi. Kinachotoka nje ya hapo ni vitu kama ile l ya mwisho wa bottle na table, inayosimama silabi peke yake bila irabu, na hiyo haipaswi kumshangaza mtu anayesema m-tu na n-chi tangu utotoni.

Sasa archaeological. Macho yanaona irabu saba: a, a, e, o, o, i, a. Kidevu kinashuka mara sita: ar-chae-o-lo-gi-cal. Ile ae ni sauti moja, i ya kawaida, na ch hapo ni k. Kwa masikio yetu: aa-ki-a-LO-ji-kal.

Utauliza g iende na lo au iende na i. Usikose usingizi kwa hilo. Kamusi nyingine zitakuandikia log-i-cal, na vile vinukta wanavyoweka katikati ya neno vilianza kwa ajili ya wapiga chapa, wajue wapi pa kulivunja neno mstari ukiisha. Hata hapo Waingereza na Wamarekani hawavunji sehemu moja. Wewe unachohitaji ni idadi ya silabi na ipi inakazwa. La kushika ni moja: Kiingereza kinapenda silabi funge, yaani inayoishia na konsonanti, kuliko sisi. Sisi mdomo wetu unataka wi-nta, wao ni win-ter, n inabaki nyuma. Na usitenganishe herufi zinazotoa sauti moja, kama sh, th, ph na ch.

Mkazo sasa. Nilikuwa nawaambia wanafunzi: neno refu msilivamie kichwani, liendeeni mkiani. Mkia ndio unaoamua.

Mkia -tion na -sion: kaza silabi iliyo mbele yake tu. Ex-ca-VA-tion, ci-vi-li-ZA-tion, pre-ser-VA-tion, in-SCRIP-tion. Mkia -ic na -ical, vilevile: his-TO-ric, his-TO-ri-cal, ar-chae-o-LO-gi-cal. Mikia -logy, -graphy na -ity: kaza silabi ya tatu kutoka mwisho. Ar-chae-O-lo-gy, ge-O-gra-phy, u-ni-VER-si-ty. Umeona kilichotokea? Archaeology inakaza O, archaeological inakaza LO. Mkia umebadilika, mkazo umesogea hatua moja. Neno la picha ndilo linaloonyesha vizuri kuliko yote: PHO-to-graph, pho-TO-gra-pher, pho-to-GRA-phic. Mzizi ni uleule na mkazo umetembea sehemu tatu. Ukikariri photograph ukadhani umeyapata yote, umepata moja.

Kuna mikia ambayo kwa kawaida haigusi kitu: -ness, -ful, -less, -ly, -ment, -er, -ing. Hiyo ining'inize tu, mkazo unabaki ulipokuwa. De-VE-lop, de-VE-lop-ment.

Na hapa ndipo wengi wanaponiacha, hasa wanaume wenye haraka. Kukaza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulegeza. Kiswahili kinaipa kila irabu haki yake, banana ukilisoma Kiswahili a zote tatu ni sawa. Mwingereza anaipa haki ya katikati tu, mbili za pembeni anazimeza, anatoa kisauti cha mdomo usio na kazi, kile ambacho kamusi zinakiandika kwa e iliyopinduliwa: ə. Sauti hiyo ndiyo inayosikika mara nyingi kuliko irabu yoyote katika Kiingereza na haina herufi yake. Nahodha, kile kitu "kifupi" unachokisikia kwa mgeni ni hicho. Hajasema neno fupi. Amelegeza silabi ambazo wewe umezikaza zote.

Ile inayokazwa inasikika zaidi, inapanda, na inavutwa. Kwenye kuvuta, wenye Kimakonde mna mtaji ambao hamjui kwamba mnao: lugha yenu inavuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio lenu linajua tofauti ya irabu ndefu na fupi tangu utotoni. Kazi iliyobaki ni kuuhamisha huo mvuto.

Namna ya kujifua: anzia mwisho urudi nyuma. Usianze na ar, maana ukianza mbele pumzi inaisha kabla hujafika panapotakiwa nguvu. Sema: ji. Lo-ji. O-lo-ji. Ki-O-lo-ji. Aa-ki-O-lo-ji. Kila ukiongeza kipande, O ibaki juu palepale. Fanya hivyo ndani ya boti, abiria watadhani unasoma dua.

Yaliyobaki kwenye orodha yako: AR-chi-tec-ture na CE-me-te-ry, yote mwanzoni. Marefu yenye -ture mengi ni hivyo: AG-ri-cul-ture, TEM-pe-ra-ture, LI-te-ra-ture. Cemetery huna ujanja, likariri. Octagonal ni oc-TA-go-nal, ingawa octagon yenyewe ni OC-ta-gon.

Dada_Maabara (Lindi)

Shikamoo Bibi Chaki. Ungenifundisha wewe ningekuwa mbali.

Nahodha, mimi nipo upande wa maabara na kwetu maneno marefu ndiyo chakula cha asubuhi. Nikuongezee ya kwetu. Maneno ya tiba yenye mkia -itis na -osis yanakazwa Kiswahili kabisa, ya pili kutoka mwisho: he-pa-TI-tis, tu-ber-cu-LO-sis, di-ag-NO-sis. Hayo hayajawahi kunisumbua. Yanayosumbua ni yale tuliyokwisha kuyafanya ya kwetu, kwa sababu ulimi umeshazoea. Sisi ma-la-RI-a, wao ma-LA-ri-a. Sisi ni-mo-NI-a, wao pneu-MO-ni-a, na p haisemwi. Hospitali, televisheni, baiskeli, daktari: yote haya Kiswahili kimeyahamisha mkazo kikauhesabu kutoka mwisho, na Kiingereza kinayakaza mwanzoni. HOS-pi-tal. TE-le-vi-sion. BI-cy-cle. DOC-tor. Kwa hiyo neno likiwa na pacha wake Kiswahili, ndipo uwe macho zaidi.

Kingine ni vifaa vya kupimia. Ther-MO-me-ter, ba-RO-me-ter, spee-DO-me-ter, vyote vinakazwa kabla ya -meter. Lakini vipimo vyenyewe, yaani urefu, vinakazwa mwanzo: CEN-ti-me-tre, MIL-li-me-tre. Kilometre imekaa katikati ya ugomvi, wapo wa KI na wapo wa LO, na wote wanatamka sawa.

Ila Bibi, nina swali. Television ina -sion. Kwa kanuni yako ingekazwa VI.

Bibi_Chaki

Marahaba binti yangu. Umenikamata pazuri. Television ni mkaidi, inakaza TE, na ndiyo maarufu kuliko wakaidi wote wa mkia huo. Sikuitaja makusudi. Mwanafunzi ukimpa kanuni na mkaidi wake siku moja, anakumbuka mkaidi anasahau kanuni. Hicho kitabu cha Nahodha chenye mikia ya "isipokuwa" kina kosa hilohilo.

Na kabla watu hawajaanza kusema Kiingereza ni lugha ya ovyo, tujitazame. Lazima wengi tunaikaza LA, siyo ZI. Barabara ya lami ni ba-ra-BA-ra, lakini "amefunga barabara" ni ba-RA-ba-ra. Hakuna aliyetufundisha kwa kanuni, tumesikia tu.

Kusi_na_Kaskazi

Haya Bibi, nimenyoosha mikono. Kumbe na mimi ninalo la kuchangia. Nashughulika na makaratasi ya mizigo bandarini, msimu wa korosho ukifika sina hata muda wa chai. Export na import: ikiwa jina, mkazo mwanzoni, EX-port, IM-port. Ikiwa kitenzi, mwishoni, ex-PORT, im-PORT. Nilikuwa nasikia wageni wanaziruka hivi na hivi nikidhani ni mapenzi ya mtu.

Cashew je? Maana nasikia CA-shew na ca-SHEW.

Na mnasahau simu. Andika neno, bonyeza kispika, inakusomea. Kwa nini kijana ahangaike na kidevu?

Bibi_Chaki

Umesema kweli kuhusu export. Yapo mengi ya silabi mbili ya namna hiyo: RE-cord jina, re-CORD kitenzi, PRE-sent zawadi, pre-SENT kuwasilisha, CON-flict na con-FLICT. Lakini usiyafanye sheria ya maneno yote, kwa sababu report na support hayasogei, ni mwishoni siku zote.

Cashew zote mbili zimo kwenye kamusi. Sisi wenye korosho tuchague tunayoitaka.

Simu ni nzuri, sina ugomvi nayo, mjukuu wangu ameniwekea. Shida yake ni kwamba mtu anaisikiliza mara kumi bila kujua anasikiliza nini. Akiwa amekwisha kubashiri, "nadhani ni TO", akabonyeza, hapo anajifunza kitu. Akibonyeza tu, anasikia sauti ya mwanamke wa Kiingereza basi. Bashiri kwanza kwa mkia, hesabu kwa kidevu, ndipo simu ikusahihishe.

Wenye kamusi ya karatasi: tazameni kile kikwaju kidogo cha juu, ˈ. Kamusi nyingi zinakiweka KABLA ya silabi inayokazwa. Baadhi ya kamusi za Marekani zinakiweka BAADA yake. Soma ukurasa wa maelezo wa mwanzo, ule ambao hausomwi na mtu, ujue kamusi yako ni ya mtindo gani, la sivyo utakuwa unakosea kila neno kwa uaminifu mkubwa. Kile kingine cha chini, ˌ, ni mkazo mdogo. Neno refu lina mkubwa mmoja na mara nyingi mdogo mmoja kabla yake: archaeology ina mdogo kwenye ar na mkubwa kwenye O. Mdogo ndio unaofanya neno lisiwe kama limejikwaa.

Nahodha_Msaidizi

Shikamoo Bibi, na asante sana wote. Sikutegemea mambo haya. Ile ya kuanzia mwisho nimeifanya njiani tukivuka, fundi wa mashine akaniuliza kama naumwa. Lakini O-lo-ji imekaa.

Nina mengine. Msikitini nawaonyesha wageni, nasema maandishi ya Arabic. Mkia -ic. Kwa kanuni ingekuwa a-RA-bic, lakini wageni wote nawasikia A ya mwanzo. Ni mkaidi?

La pili, Portuguese, sababu Gereza ninaanzia 1505 walipoingia Wareno. Hili nalisikia namna mbili kwa mgeni mmoja! Akilisema peke yake anakaza GUESE. Akisema "Portuguese fort" nasikia POR. Masikio yangu au?

La tatu, kuna kundi limeuliza kama naweza kuwafikisha Tendaguru, kule ilikotoka mifupa ya ile mijusi mikubwa ya kale iliyoko Berlin. Njia nitaulizia kwa wenyeji, ila maneno ya kule ni balaa tupu: palaeontologist, Brachiosaurus. Nisaidieni kabla sijaaibika mbele ya watu waliosomea mifupa.

Bibi_Chaki

Mwanangu, masikio yako ni mazima kuliko ya walimu niliofanya nao kazi. Nianze na hilo la Portuguese kwa sababu limenifurahisha.

Mikia -ese, -eer, -ee na -ette inajikaza yenyewe: por-tu-GUESE, Ja-pa-NESE, en-gi-NEER, em-ploy-EE. Injinia ni mfano ambao Kiswahili na Kiingereza vimekutana bila kupanga, i-nji-NI-a, en-gi-NEER, palepale. Wakaidi: com-MIT-tee na COF-fee. Sasa, por-tu-GUESE ina mkazo mdogo kwenye POR. Linapofuatwa na neno linaloanza kwa nguvu, kama fort, Mwingereza hapendi mikazo miwili mikubwa ikae bega kwa bega, GUESE FORT. Anaurudisha wa kwanza nyuma: POR-tu-guese FORT. Japanese nayo hivyo, JA-pa-nese CAR. Hata namba: thir-TEEN peke yake, lakini THIR-teen BOATS. Hili hutalikuta kwenye vitabu vingi vya shule, na wewe umelisikia ukiwa kwenye ngazi za Gereza. Usijitahidi kulifanya. Ukishika mdundo litakuja.

Arabic ni mkaidi, ndiyo, A-ra-bic. Wenzake ni CA-tho-lic, PO-li-tics, na a-RITH-me-tic ikiwa ni jina la hesabu. Kwa mkia wenye mamia ya maneno, wakaidi wake ukiwaandika kwenye kiganja nafasi inabaki.

Tendaguru. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi mpaka bandari ya Lindi, na yule mkubwa anayezidi mita 13 kwenda juu amesimama makumbusho ya Berlin hadi leo. Yote hayo ukiwaambia wageni usiwaambie kwa minong'ono, ni historia ya kwetu. Maneno yenyewe hayatishi kama yanavyoonekana. Palaeontologist: toa -ist, ni -logy uliyokwisha kuijua. Pa-lae-on-TO-lo-gist, silabi sita, TO juu. Jifue kutoka nyuma: jist, lo-jist, TO-lo-jist, on-TO-lo-jist, na kuendelea. Na haya ya -saurus ndiyo zawadi yako: yanakazwa ya pili kutoka mwisho kama neno lolote la Kiswahili. Bra-chi-o-SAU-rus, na ch ni k, kama kwenye archaeology. Ken-tro-SAU-rus, yule mwenye miiba mgongoni, naye ametoka hapohapo Tendaguru. Ukiwasikia wanasayansi wakimwita huyo mrefu wa Berlin Giraffatitan badala ya Brachiosaurus, usishtuke, ndilo jina wengi wao wanalotumia sasa: gi-raf-fa-TI-tan, na TI ni "tai". Dinosaur lenyewe ni DI-no-saur, "DAI", mwanzoni.

Dada_Maabara

Nahodha, hao waliosomea mifupa wana na lao: fossil, FO-ssil, rahisi. Ila wakianza vertebrae, ni VER-te-brae, mwanzoni. Nakutumia mapema.

Nahodha_Msaidizi

Asante dada. Nimekaa nimeandika ya kesho, nimebashiri mwenyewe kabla ya kubonyeza simu kama alivyosema Bibi. Bibi nisahihishie: oc-TA-go-nal. Ex-ca-VA-tion, lakini EX-ca-vate. Sul-TA-nate. For-ti-fi-CA-tion. Pre-SERVE, pre-ser-VA-tion. In-DI-ge-nous. MA-ri-time. Is-land.

Bibi_Chaki

Sultanate irudishe mwanzoni: SUL-ta-nate. Island kata unavyotaka ila s usiitamke, ai-land, mkazo mwanzo. Excavate umeipata na sikukufundisha: vitenzi virefu vyenye -ate vinakaza ya tatu kutoka mwisho, EX-ca-vate, in-VES-ti-gate, com-MU-ni-cate, na vikivaa -tion mkazo unahamia A. Zilizobaki ziko sawa.

Kusi_na_Kaskazi

Na jina langu je, zile pepo za kusi na kaskazi? Nahodha akifika kwenye biashara ya Kilwa lazima aseme monsoon.

Bibi_Chaki

Mon-SOON. Mkia -oon unajikaza wenyewe, kama bal-LOON na car-TOON. Nahodha, hilo liongeze kwenye orodha.